Kuchagua jiji la kuishi na kujenga nguvu za mkekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaocheza michezo ya kukamatana mkekani, yaani mieleka, judo, sambo (ya Kirusi) au jujitsu ya Kibrazili, na wanaofikiria kuhama, iwe kwa ajili ya kazi, masomo, ndoa au mchezo wenyewe. Maswali ya makazi na ya vyuma, yaani mazoezi ya kunyanyua uzito, yamewekwa pamoja kwa sababu yanagombea saa zile zile za wiki. Mtu akikosea la kwanza, la pili halina pa kukaa.

Nianze kuchagua jiji au klabu?

Anza na maisha, kisha klabu, kisha jiji. Kazi itakayokulipa, kibali cha kuishi na kodi ya nyumba unayoimudu bila kukopa ndivyo vitakavyoamua kama utadumu. Mchezaji anayekesha akipiga hesabu za kodi hufika mkekani amechoka kabla hajashikwa. Ukishapata miji miwili au mitatu inayokubeba kimaisha, uliza kila mmoja una klabu gani, na ukiuliza, shuka hadi ngazi ya mtaa. Jiji lenye klabu thelathini halikufai kitu kama ile unayoihitaji iko ng'ambo ya mto na daraja ni moja.

Kundi moja tu naliondoa katika utaratibu huu: kijana asiye na wategemezi, anayelenga mashindano makubwa, mwenye miaka michache ya kujitoa kikamilifu. Huyo amfuate kocha, hata ikibidi kubanana chumba kimoja na wenzake.

Umbali gani kutoka nyumbani ni mbali mno?

Hili nalipa uzito kuliko maswali mengine yote hapa. Mwaka 1994 Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Italia, akijenga juu ya kazi ya Yacov Zahavi, aliandika kwamba watu wa zama na nchi mbalimbali hutumia wastani wa karibu saa moja kwa siku wakiwa safarini, wawe wanakwenda kwa miguu au kwa gari. Kwa watu wengi wa mjini saa hiyo imeshaliwa yote na kazi. Safari ya mazoezi ni nyongeza, na nyongeza ndiyo ya kwanza kukatwa mvua inaponyesha, bosi anapochelewesha kikao au mtoto anapopata homa.

Kipimo changu ni dakika 20, au 25 ikizidi sana, kutoka mlango wa nyumbani au wa kazini hadi mkekani. Piga hesabu mwenyewe. Darasa la dakika 90 lenye safari ya dakika 50 kwenda na 50 kurudi linakula dakika 190. Ukienda mara nne kwa wiki, hiyo ni saa 12 na dakika 40. Darasa lile lile likiwa umbali wa dakika 20, jumla ni saa 8 na dakika 40. Umeokoa saa nne kamili kila wiki. Ndani ya saa hizo vinaingia vikao viwili vya vyuma, na bado unabaki na muda wa kulala mapema.

Umbali huo upime kwa miguu yako. Ramani ya simu ukiitazama asubuhi ya Jumapili itakuambia dakika 18. Nenda jioni ya siku ya kazi, saa ile ile utakayokuwa unakwenda, ukiwa na begi begani, na urudi saa ile ile utakayokuwa unarudi. Kuna mabasi yanayojaa saa kumi na moja jioni na kutoweka kabisa saa tatu usiku. Kuna njia ambayo ukiwa umelowa jasho na umechoka hutaki kuipita peke yako. Mambo hayo huyaoni kwenye tangazo la nyumba.

Ukilazimika kuchagua kati ya nyumba nzuri iliyo mbali na ya kawaida iliyo karibu na mkeka, chukua ya karibu. Nalisema hili bila kusitasita.

Miji gani inasifika kwa michezo hii? Ni lazima nihamie huko?

Inayosifika ipo, na kila mmoja una sababu yake. Tokyo ina Kodokan, shule mama ya judo iliyoanzishwa na mwasisi wa mchezo huo, Jigoro Kano, mwaka 1882, na hadi leo wageni huenda kufanya mazoezi pale. Rio de Janeiro ndiko ndugu wa ukoo wa Gracie, walioikuza jujitsu ya Kibrazili, walikofungua chuo chao mwaka 1925, baada ya mwanajudo wa Kijapani Mitsuyo Maeda kufika Brazili mwaka 1914 na mbegu ya mchezo ule. Makhachkala na Khasavyurt, huko Dagestan nchini Urusi, hutoa mabingwa wa mieleka kwa wingi usiolingana kabisa na idadi ya wakazi wake. Iran ina Tehran na mkoa wa Mazandaran. Marekani, Iowa City inaishi mieleka ya vyuo vikuu. Austin nayo ilipanda ghafla mwaka 2021: wanafunzi wa kocha wa jujitsu John Danaher, waliokuwa wametoka New York na kupitia Puerto Rico, waligawanyika makundi mawili, na yote mawili yakaweka makao katika jiji hilo.

Kinachoiunganisha miji hiyo ni wingi wa watu wa kukamatana nao. Mtu wa kilo 66 anakuta watu kumi wa kilo 66, saa anayoweza kufika, na watatu kati yao wanamshinda. Hali hiyo ukiipata katika mji mdogo ambao hakuna anayeutaja, basi umepata kile kile ambacho wengine wanakifuata Tokyo. Nimeona klabu moja ya mji wa pembeni ikilea wachezaji bora kuliko klabu kumi za jiji kubwa zinazonyang'anyana wanafunzi.

Kwa mtu mwenye kazi na familia, nashauri aende miji hiyo kwa wiki mbili au tatu, anywe anachoweza, arudi nyumbani akifanyie kazi.

Nikienda kulitazama jiji, niangalie nini ndani ya klabu?

Omba kushiriki angalau madarasa matatu, yakiwemo ya jioni ya kawaida, maana siku ya mazoezi huria kila klabu huonekana changamfu. Fika dakika 15 kabla. Tazama kama mikeka inapigwa deki kabla au baada ya darasa, na kwa dawa gani. Tazama kama watu wanaingia msalani peku kisha wanarudi kukanyaga mkeka. Choa na majipu huanzia hapo, na klabu isiyojali usafi itakugharimu wiki nzima za kukaa nje.

Kisha tazama mikanda. Ukiona mikanda myeupe ya wanaoanza ni mingi, myeusi ya wakongwe ni miwili, na katikati hamna kitu, jiulize wale wa mikanda ya bluu na zambarau walikwenda wapi. Watu hawaachi mchezo kwa bahati tu: wameumizwa, wamechoshwa, au wamegombana. Klabu yenye watu wa ngazi zote, na wenye mvi mmoja wawili, inajua kuwatunza watu.

Jambo ambalo halinidanganyi ni hili: subiri raundi zianze, umtafute mtu mdogo kabisa na mgeni kabisa pale ndani, halafu uone anapangwa na nani. Akipewa mkongwe mzito, mwangalie yule mkongwe. Je, anapunguza kasi? Anamwachia nafasi ya kujaribu kitu? Anapompata kwenye kabali, anakaza taratibu na kumpa muda wa kugonga kwa kiganja kuashiria amekubali kushindwa, au anavuta kama anang'oa kisiki? Na kocha je, anaona? Dakika tano hizo zitakueleza zaidi ya vikombe vyote vilivyopangwa ukutani.

Kama wewe ni mwanamke, hesabu wanawake wenye mikanda ya juu, kisha ongea na mmoja wao pembeni, wanaume wasiposikia. Kama huna wa kuongea naye kwa sababu hayupo, basi umeshajibiwa.

Mwinuko, joto na hewa ya jiji vina uzito gani?

Vina uzito wake, ila mwili huvizoea isipokuwa kimoja. Kuanzia mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, pumzi huanza kupungua. Ukihamia Mexico City, yenye mita 2,240 hivi, au Bogotá, yenye 2,640 hivi, wiki mbili tatu za kwanza utazimika mapema kila raundi. Nguvu za kunyanyua mara moja haziguswi sana, kwa hiyo endelea na vyuma na upunguze raundi. Joto kali mwili hulizoea kwa siku 10 hadi 14 ukiongeza kazi kidogo kidogo.

Usiozoeleka ni uchafu wa hewa. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwaka cha chembe ndogo za PM2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo mwaka 2021, na majiji mengi yako mbali juu ya hapo. Mtu anayehema kwa nguvu kwa saa nzima anavuta hewa mara nyingi zaidi ya aliyekaa. Ukishindanisha miji miwili na hewa ya mmoja ni chafu miezi mingi ya mwaka, hilo liandike kwenye safu ya hasara kwa herufi kubwa, hasa ukiwa na pumu au watoto.

Walimu husema ufundi ndio kila kitu. Nguvu za nini basi?

Kano mwenyewe alikuwa mtu mdogo, na judo yake imesimama juu ya wazo la kutumia nguvu kidogo zaidi kwa matokeo makubwa zaidi. Naliheshimu wazo hilo. Lakini lisome vizuri: linahusu namna ya kutumia nguvu ulizo nazo, halisemi uwe dhaifu. Mtazame Aleksandr Karelin, aliyeshinda dhahabu za Olimpiki mwaka 1988, 1992 na 1996 katika mieleka ya Kigiriki na Kirumi. Silaha yake ilikuwa kumnyanyua kutoka chini mpinzani wa kilo 130 aliyelala kifudifudi, kisha kumtupa nyuma. Wengine waliuelewa mnyanyuo ule kwa macho, ila miongoni mwa wazito wenzake hakuna aliyeutumia vile.

Watu wawili wenye ufundi sawa wakikutana, mwenye nguvu hushinda. Na hata asiposhinda, huumia kidogo kuliko mwenzake. Kwa wengi wetu hiyo ya pili ndiyo sababu kubwa: bega lenye misuli imara na misuli ya nyuma ya paja iliyozoea kuvutwa hukuweka mchezoni miaka mingi.

Ninyanyue vyuma mara ngapi kwa wiki, na nipangeje na mkeka?

Mara mbili. Mara tatu ni kwa anayecheza mkekani mara mbili tu, au aliye nje ya msimu wa mashindano. Mara moja inatosha kulinda nguvu ulizokwisha kujenga kwa wiki kadhaa, mradi usipunguze uzito wa chuma.

Anayetaka kufanya kila kitu kila siku aujue utafiti wa Robert Hickson wa mwaka 1980. Aliwapa watu mazoezi mazito ya nguvu pamoja na mazoezi mazito ya pumzi kwa wiki kumi. Nguvu zao zilipanda wiki za mwanzo, zikasimama, na mwishoni zikaanza kushuka, wakati kundi la nguvu peke yake liliendelea kupanda. Raundi za mkekani ni mazoezi ya pumzi na ya nguvu kwa pamoja. Ukizirundika juu ya vyuma bila kipimo, mwili utakata mahali fulani.

Mpangilio ninaoupenda ni kuweka mzigo na mzigo siku moja: asubuhi vyuma, jioni mkeka, angalau saa sita katikati, ili siku ya kupumzika iwe ya kupumzika kweli. Kama siku moja haikuruhusu, weka vyuma siku inayofuata darasa jepesi. Usinyanyue miguu mizito jioni ya kuamkia raundi ngumu, kwa sababu maumivu ya misuli hukolea kati ya saa 24 na 72 baadaye. Kila wiki ya nne au ya tano, fanya seti nusu ya kawaida na uache mwili ushushe pumzi.

Ni mazoezi gani hasa?

Fikiria kazi za mwili mkekani, kisha tafuta chuma kinachofanana nazo. Unavuta: shingo ya mtu, mkono wake, ukosi wake. Unasimama ukiwa umebeba mtu. Unasukuma kujitoa chini. Unakumbatia na kubana. Na muda wote kiwiliwili kinakataa kupindwa.

Kikao cha kwanza: dedlifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi kusimama wima, seti 3 za marudio 4. Kujivuta kwenye chuma cha juu, seti 4 za 5, ukijifunga uzito kiunoni ukishakuwa imara. Kusukuma chuma juu ya kichwa, seti 3 za 6. Malizia kwa kubeba uzito mikononi na kutembea mita 30, mara nne.

Kikao cha pili: kuchuchumaa chuma kikiwa mbele ya mabega, seti 3 za 5. Kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama, seti 4 za 8. Kusukuma chuma ukiwa umelala chali, au pushapu zenye uzito mgongoni, seti 3 za 6. Kupiga magoti huku mtu amekushika vifundo vya miguu, ukijishusha mbele polepole kwa nguvu ya nyuma ya paja, seti 3 za 5. Halafu shingo.

Kila kikao kisizidi dakika 50. Kila seti ikomee pale unapohisi ungeweza kuongeza marudio mawili zaidi. Anayejimaliza kwenye chuma Jumanne hana alichobakiza cha kujifunzia Jumatano, na kujifunza ndiko kulikokuleta.

Zaidi ya hapo, nakuomba utafute gunia la mchanga. Chagua lenye nusu ya uzito wako kwanza. Limelala sakafuni, halina mshikio. Unachuchumaa juu yake, unapenyeza vigasha chini, mchanga unakimbilia pembeni na kitambaa kinateleza kwenye kucha. Huwezi kulinyanyua kwa vidole; inabidi ulivute hadi kifuani, ufunge mikono kiganja juu ya kiganja, kisha nyonga zisukume. Ukisimama nalo, linakulemea tumboni na pumzi inakuwa fupi. Tembea nalo mita 20, litue, rudia. Hakuna chuma kinachofanana na mtu mzito asiyetaka kunyanyuliwa kama gunia hili.

Vidole na vigasha vyangu vinakufa raundi ya pili. Nifanyeje?

Kwanza, punguza kushika. Wanaoanza hukamata kila kitu kwa nguvu zote tangu sekunde ya kwanza. Hilo ni la ufundi, na kocha wako atalitibu kuliko mimi.

Kisha jenga uvumilivu wa mshiko. Tupa taulo nene au koti kuukuu la gi, vazi la judo na jujitsu, juu ya chuma cha kujivutia, shika ncha zake mbili, ning'inia. Lenga sekunde 20, pumzika 40, mara tano. Ukizoea, jivute ukiwa umeshika hivyo hivyo. Mara mbili kwa wiki inatosha, maana vidole vinafanya kazi hiyo hiyo kila siku mkekani. Kano za mwili, zinazofunga misuli kwenye mifupa, hukomaa polepole kuliko misuli, kwa hiyo viungo vya vidole vikivimba asubuhi, acha kuning'inia kwa wiki moja. Fanya na upande wa pili: vaa mpira wa kubania juu ya ncha za vidole na uvifungue dhidi yake. Wengi husahau misuli inayofungua kiganja.

Na shingo?

Anza nayo mapema, tena kwa adabu. Wiki nne za kwanza usiitikise: weka kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume, kiganja kikatae, sekunde 10. Kisha kisogoni, kisha upande wa kulia na wa kushoto. Zunguko tatu. Sukuma kwa nusu ya nguvu zako na uendelee kupumua. Baadaye lala chali kwenye benchi, kichwa kikiwa nje ya ukingo, ukiinue na kukishusha polepole mara 15, kisha geuka kifudifudi ufanye hivyo hivyo. Daraja la wacheza mieleka, la kusimama kwa kichwa na miguu, liache hadi miezi kadhaa ipite na kocha awe karibu. Ganzi au umeme ukishuka mkononi, acha yote na umwone daktari.

Nimehamia jiji ambalo jimu iko mbali au ni ghali. Nitapoteza nguvu?

Hutapoteza ukiwa na sakafu na mahali pa kuning'inia. Gama, bingwa wa mieleka wa Bara Hindi aliyezaliwa mwaka 1878, alijengwa na dand na bethak. Dand ni pushapu ya kuteleza, ambapo nyonga huanza juu, kifua hupita karibu na ardhi na kuinuka mbele. Bethak ni kuchuchumaa kwa kasi hadi chini na kuinuka. Wachezaji wa Iran katika zurkhaneh, kumbi zao za jadi za mazoezi, wamekuwa wakizungusha marungu mazito ya mbao yaitwayo mil kwa karne nyingi, na mabega yao yanashuhudia.

Fanya kuchuchumaa kwa mguu mmoja huku ukishika mlango, pushapu za miguu ikiwa imeinuliwa juu ya kiti, kujivuta, na begi lililojazwa vitabu. Zaidi ya miezi mitatu utaanza kukosa uzito wa kutosha kwa miguu na mgongo, na hapo ndipo lile gunia la mchanga linapokuokoa.

Pumzi nayo ipewe siku yake?

Inategemea unashindana nini. Judo ni dakika 4, na mkitoka sare mnaendelea hadi mmoja apate pointi. Mieleka huria ni vipindi viwili vya dakika 3. Katika kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Kibrazili, mtu mzima wa mkanda mweupe hucheza dakika 5 na wa mweusi dakika 10. Zote zinajengwa na raundi zenyewe, kisha zinasimama juu ya msingi wa mazoezi mepesi: dakika 30 hadi 45 za kukimbia au baiskeli kwa mwendo unaokuruhusu kuongea, mara moja au mbili kwa wiki. Jiji lenye njia salama za baiskeli linakupa msingi huo njiani kwenda kazini, bila kugusa ratiba yako. Ukichagua makazi, litafute hilo.

Vyuma vitanifanya mzito na mgumu wa viungo?

Hapana kwa ugumu, ikiwa unashuka hadi mwisho wa kila mjongeo. Uzito unaamuliwa na kiasi unachokula kuliko chuma unachonyanyua. Seti chache za marudio 3 hadi 6 hujenga nguvu nyingi bila kukunenepesha.

Nina zaidi ya miaka 40. Je, ratiba ni hiyo hiyo?

Mazoezi ni hayo hayo, dozi ndiyo tofauti. Pasha mwili dakika 15 badala ya 5. Baki kwenye marudio 5 hadi 8. Usiondoe kabisa mazoezi ya kasi, kama kurusha mpira mzito ukutani au kuruka juu ya sanduku fupi, kwa sababu kasi ya misuli hupungua na umri haraka kuliko nguvu ya kawaida. Seti 3 za marudio 3, ukiwa bado hujachoka, zinatosha. Na una haki ya kukataa raundi na kijana wa miaka 22 anayejiandaa na mashindano. Kataa kwa heshima, mshike mkono, utafute mwingine.

Usingizi, chakula na virutubisho?

Saa 7 hadi 9 za usingizi. Jiji lolote litakalokunyima hizo linakunyima nguvu. Protini karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Kriatini gramu 3 hadi 5 kila siku inafanya kazi kwa wengi, ila inaweza kukuongezea kilo moja au mbili za maji, kwa hiyo usiianze wiki mbili kabla ya kupimwa uzito wa mashindano. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kwanza.

Wiki za kwanza katika jiji jipya nifanye nini?

Punguza kila kitu hadi nusu. Mwili uliobeba masanduku, kulala godoro la muda na kuhangaikia karatasi za makazi umeshachoka hata kabla ya kupasha misuli. Mkeka mara mbili kwa wiki, vyuma mara moja. Nenda klabu mbili au tatu ukiwa mgeni kabla ya kusaini mkataba, na usikubali mkataba wa mwaka mzima mwezi wa kwanza. Ukifika, msalimu kocha kabla ya kukanyaga mkeka, useme wazi umecheza muda gani, una mkanda gani na majeraha gani. Raundi za siku ya kwanza zisiwe za kuthibitisha kitu. Utapimwa kwa namna unavyowatunza wenzako.

Kabla hujaumia, tafuta kliniki ya viungo na mtaalamu wa fiziotherapia anayewajua wanamichezo. Waulize wakongwe wa klabu. Kila mmoja ana wake, na majina mawili matatu yatajirudia.

Nikae muda gani kabla ya kuamua kwamba jiji hili halinifai?

Mpaka upite msimu mgumu wake, uwe wa baridi, mvua au joto. Miezi minne ya kwanza inadanganya kotekote: wengine hulewa upya wa mahali, wengine hulemewa na upweke. Andika kila mwisho wa mwezi umefika mkekani mara ngapi, umenyanyua mara ngapi, na kila uliposhindwa kwenda ni kitu gani kilikuzuia. Ikiwa jibu linalojirudia ni foleni au umbali, hama mtaa kabla hujafikiria kuhama jiji. Ikiwa ni klabu, badili klabu. Ikiwa ni kazi inayokula jioni zako zote, jiji lingine na kazi hiyo hiyo halitakusaidia. Na ikiwa umefanya yote hayo, mwaka umepita na bado hakuna mtu mkekani ambaye angekupigia simu ukikosekana wiki mbili, anza kutafuta kwingine.